Ua Lisilojua Ua

Nyuma ya jiko la nyanya yangu, kijijini kwetu Nyamira, kuna mparachichi ambao hakuna aliyeupanda. Kokwa ilitupwa jaani pamoja na majivu na maganda ya ndizi, mvua ikainyeshea, ikachipua. Waliopita na jembe wakauonea huruma. Nilipopata akili za kutambua vitu, mti ulikuwa umeshalipita paa, na tawi lake moja nene lilikuwa limevuka ua na kulalia upande wa jirani.

Matunda ya tawi lile sisi hatukuyaangua. Sikumbuki mtu mzima akitukataza. Tulijua tu kwamba ni ya upande ule, kama tulivyojua kwamba mama wa upande ule akitukuta njiani jua la saa sita atatuita tunywe uji kabla hatujafika kwetu. Jirani alipoangua, mtoto wake alikuja mlangoni petu na mfuko wa matunda ya mti wetu wenyewe, na nyanya akaupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akamtafutia mtoto kitu cha kurudi nacho.

Msomaji wa Malindi au Tanga akisikia habari za tunda la uani linalogawiwa majirani, mawazo yake huenda moja kwa moja kwenye mwembe. Ana haki. Kule dodo, boribo na ngowe zimetia kivuli nyua za watu tangu enzi za mababu. Kwetu Gusii mwembe haukubali, na si kwa kukosa kujaribiwa. Mji wa Kisii uko kwenye takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu za Nyamira zinapita mita 2,000. Mwembe hutaka uone kiu kwanza ndipo uchanue. Ukikosa miezi mikavu, huendelea kutoa majani mapya, mazuri ya kutazama, yasiyo na kitu. Gusii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na ni vigumu kuutaja mwezi ambao udongo hukauka kabisa. Mwembe ukijikaza ukachanua katika hali hiyo, ubwiri unga na chule huyavamia maua yakageuka meusi na kupukutika kabla hayajafunga tunda.

Ukiteremka kuelekea Homa Bay na ufuo wa Ziwa Victoria, ambalo liko chini yetu kwa zaidi ya mita 500, miembe inaanza kuonekana ikiwa imejaa. Maembe tunayokula sisi huja yamepakiwa, mengine kutoka huko ziwani, mengine kutoka Ukambani. Ukifika soko la Daraja Mbili mjini Kisii kati ya Desemba na Februari utayakuta yamepangwa kwa mafungu juu ya magunia. Yakianza kuadimika, mvua za Machi zimekaribia, na maparachichi yetu yanakuwa yamekomaa. Mwembe wa Gusii ni mparachichi. Udongo wetu mwekundu, wenye kina na usiotuamisha maji, unaupenda mti huo, na miteremko yetu huondoa maji ambayo yangeozesha mizizi yake.

Na mparachichi una tabia moja inayomlazimisha mwenye mti kuwa na majirani. Tunda lake haliivi mtini. Hukomaa likabaki gumu, likaning'inia hapo kwa wiki nyingi bila kulainika, mpaka litenganishwe na kikonyo. Ndiyo maana mti wenyewe ni ghala. Lakini siku ukipanda na kuangua, saa inaanza kuhesabu: matunda yote ya siku hiyo yatalainika karibu kwa pamoja, ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Nyumba yenye watu 6, isiyo na jokofu, itafanya nini na maparachichi 100 yaliyoiva kati ya Jumanne na Alhamisi? Nyanya hakuhitaji kufundishwa hesabu hiyo.

Kuangua kulikuwa kazi ya Jumamosi. Kijana mmoja mwepesi alipanda juu na ngoeko, ufito mrefu wa mkaratusi wenye ndoano ya waya ncha moja na mdomo wa gunia uliofungwa chini yake ili tunda lisidondoke. Sisi wadogo tulikaa chini kulisubiri lile lililokosea njia. Kisha nyanya alikaa kwenye kigoda na kupanga mafungu. Yaliyopasuka yalikuwa ya jikoni kwetu, ya kuvundikwa kwanza na kuliwa kwanza. Makubwa yasiyo na jeraha yaliwekwa kando kwa ajili ya mgonjwa, mzazi aliyetoka kujifungua, au mgeni asiyetarajiwa. Fungu moja la mwalimu. Fungu moja la shangazi aliyekuwa akirudi Nairobi, la kuwekwa chini ya kiti cha matatu, yakiwa magumu ili yaive siku ya tatu katika chumba chake cha kupanga. Mengine yalifukiwa ndani ya mahindi makavu, au kwenye kikapu chini ya majani ya mgomba pamoja na ndizi moja mbivu. Ndizi inayoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huliamsha parachichi. Nyanya hakuijua kwa jina hilo. Alijua tu kwamba ndizi humharakisha mwenzake.

Na mfuko uliotumwa kwa jirani haukurudi mtupu. Ulirudi na mboga ya chinsaga, au maharagwe, au marando ya viazi vitamu ya kupanda, au kipande cha sabuni. Nimewahi kusikia watu wa mjini wakiita jambo hilo biashara ya kubadilishana. Sikubaliani nao. Mfanyabiashara hupima, na sijaona mtu akipima kilichorudi ndani ya mfuko ule.

Kuna jambo la kokwa pia, na nimechelewa kulielewa. Parachichi la kienyeji huzaliwa kwa mbegu, na mbegu ya parachichi haimfuati mzazi wake. Panda kokwa 10 za tunda moja, utapata miti 10 tofauti: mmoja wenye matunda yenye shingo ndefu, mwingine ya mviringo kama mpira, mmoja wenye mafuta mpaka kisu kinateleza, mwingine wenye maji na nyuzi zinazonasa menoni. Watoto wa kijiji waliijua miti hii kama wanavyojua mbwa wa kila boma. Tuliiita kwa wenyewe: wa kwa katekista, wa kwa mama wa dukani, wa kule mtoni. Ule wa kwa katekista ulikuwa na ngozi ya zambarau na ladha ninayoweza kuikumbuka hata sasa. Hukuweza kuiba kokwa yake ukaipanda kwako ukapata tunda lile lile. Kama ulitaka kula parachichi la katekista, ilibidi ukae vizuri na katekista.

Mwenye kutazama ramani ataona kwa nini mambo haya yana uzito kwetu kuliko kwingine. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira. Kisii ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita moja ya mraba, na hao wengi wao wako vijijini, wakiishi kwa jembe. Shamba la babu liligawiwa wanawe, wanawe wakawagawia wana wao, na leo kuna familia ambazo kipande chao chote, chenye nyumba, migomba, chai kidogo, napia ya ng'ombe na kaburi la mzee, unaweza kukizunguka kabla chai haijapoa. Mti mkubwa katika kipande kama hicho lazima uingie kwa mtu. Kivuli chake kitaangukia mahindi ya mwenzako, mizizi yake itanywa maji yake, majani yake yatajaza uwanja wake. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakikosana kwa sababu ya mkaratusi uliopandwa mpakani. Sijaona ugomvi wa namna hiyo ukidumu kwa sababu ya mparachichi, maana mparachichi hulipa fidia yake kila mwaka.

Wazee wetu walikuwa na risaga, kazi ya majirani wote kwa shamba la mmoja wao, kisha chakula na kinywaji kwake. Mwanaanthropolojia Philip Mayer aliandika juu ya ushirikiano huu wa majirani wa Gusii katika utafiti uliochapishwa mwaka 1951. Risaga imepungua sana. Vibarua hulipwa kwa siku, na simu hutuma malipo. Fungu la matunda linalopelekwa ng'ambo ya ua ni mojawapo ya mabaki machache ya ule utaratibu ambayo mtoto wa leo bado anatumwa kuyafanya kwa miguu yake.

Kiswahili, kwa bahati au kwa hekima, hutumia neno moja, ua, kwa kile kinachochanua mtini na kwa uzio unaoizunguka nyumba. Katika mparachichi maana hizo mbili zinakutana.

Ua la mparachichi ni dogo, la rangi ya kijani iliyofifia, na wengi hulipita bila kuliona. Kila ua lina sehemu ya kike na ya kiume, lakini hufunguka mara mbili, siku mbili mfululizo, na kila mara kwa jinsia moja. Kuna miti ya kundi A: ua lake hufunguka asubuhi likiwa la kike, hujifunga mchana, kisha kesho yake alasiri hufunguka tena likiwa la kiume. Miti ya kundi B hufanya kinyume: alasiri ya kwanza ni ya kike, asubuhi inayofuata ni ya kiume. Kwa hiyo asubuhi, wakati maua ya mti wa kundi A yanangoja chavua, wenye chavua ni mti wa kundi B. Alasiri wanabadilishana zamu. Baridi ya milimani huivuruga saa hii, na mti mmoja unaweza kujichavusha kwa kiasi fulani, lakini unaokaa karibu na wa kundi jingine, penye nyuki wa kutosha, huzaa vizuri zaidi. Mti mkubwa unaweza kutoa maua hadi milioni moja kwa msimu, na mara nyingi hayafiki hata moja kati ya 1,000 kuwa tunda lililokomaa. Kila nyuki ana thamani hapo.

Fikiria sasa kijiji chetu, kila boma na mti wake mmoja au miwili, kila mti na tabia yake, umbali kati yao ni wa watu kuitana bila kupaza sauti sana. Parachichi lililofunga tunda uani kwangu huenda chavua yake ilitoka kwa jirani, ikabebwa na nyuki wa mzinga wa mtu wa tatu. Nyanya alipolipeleka ng'ambo, alikuwa akirudisha, ingawa hakuna kati yetu aliyejua.

Miaka ya karibuni neno jipya limepanda milima yetu: Hass. Miche yake iliyobebeshwa imegawiwa na kuuzwa Kisii na Nyamira, vitalu vyake viko kandokando ya barabara, na mazungumzo ya mazishini na harusini hayakosi mtu wa kueleza bei. Sina kinyongo na Hass. Katika nchi ambayo mzazi mwenye robo ekari anatakiwa kulipa karo ya sekondari, mti unaoanza kuzaa baada ya takriban miaka 3, na ambao tunda lake linanunuliwa Ulaya, ni jambo la kuheshimiwa. Mwaka 2006 serikali ya Kenya na shirika la JICA la Japani walianzisha mradi wa SHEP wa wakulima wadogo wa bustani, na Kisii ilikuwa mojawapo ya wilaya 4 za mwanzo pamoja na Bungoma, Trans Nzoia na Nyandarua. Fundisho lake kuu lilikuwa kwamba mkulima alime ili auze, aache kulima kwanza kisha kuzunguka na mzigo akimtafuta mnunuzi. Ni fundisho zuri, na limewasaidia watu ninaowajua.

Kinachoniuma ni shoka. Mahali pengi mche wa Hass umeingia kwa kuuondoa mti wa kienyeji, kwa hoja kwamba wa kienyeji hauna soko. Ni kweli hauna soko la nje. Parachichi la kusafirishwa hupangwa katika katoni za kilo 4, na ukubwa wake hutajwa kwa idadi ya matunda yanayoingia humo. Letu la shingo ndefu ni kubwa mno na ngozi yake ni nyororo mno, haliwezi kukaa kwenye kontena la baridi kwa wiki kadhaa za bahari likafika likiwa zima. Hass lina ngozi nene yenye vipele, dogo, linafuata ukubwa mmoja. Liliumbwa kwa safari.

Lakini Hass yenyewe ilitoka wapi? Ilitoka uani. Rudolph Hass alikuwa mpeleka barua huko California, Marekani. Katika miaka ya 1920 alipanda kokwa kwenye kipande chake cha La Habra Heights, akikusudia ziwe vishina vya kubebeshea Fuerte, ambayo ndiyo aina iliyokuwa ikithaminiwa siku hizo. Mche mmoja ulikataa kila ulipobebeshwa. Alitaka kuukata. Inasimuliwa kwamba watoto wake ndio waliouokoa, kwa kuwa waliyapenda matunda yake kuliko mengine. Akawauzia wafanyakazi wenzake wa posta, wakayapenda pia, na mwaka 1935 akapata hataza yake. Hakutajirika, kwa sababu mkulima aliyenunua mti mmoja aliweza kukata vichipukizi na kuwabebeshea wenzake. Mti mama uliishi hadi 2002, ukauawa na ugonjwa wa kuoza mizizi. Hass zote duniani, zikiwemo zile changa kando ya barabara ya Keroka, ni vichipukizi vya mti ule mmoja wa kienyeji uliosazwa kwa sababu watoto waliulilia.

Fuerte nayo ina hadithi ya namna hiyo. Kichipukizi chake kilichukuliwa mwaka 1911 na kijana aitwaye Carl Schmidt kutoka mti wa uani huko Atlixco, Mexico. Baridi kali ya 1913 iliiua miche mingine California, huo ukanusurika, ukapewa jina linalomaanisha mwenye nguvu kwa Kihispania.

Nikizikumbuka hadithi hizi huku nikitazama kisiki cha mti wa katekista, kwa kuwa nao ulikatwa, najiuliza ni ladha ngapi tumezichoma kama kuni. Vijiji vyetu vina maelfu ya miti iliyozaliwa kwa kokwa, kila mmoja wa peke yake duniani, na hakuna aliyeionja yote. Aliye na mti wenye tunda bora anaweza kukata kijiti chake na kukibebesha juu ya mche mwingine, nao utazaa tunda lile lile. Tumejifunza kuibebesha Hass. Mikono iyo hiyo, kisu kicho hicho, vingeweza kumbebesha katekista.

Soko nalo lina misukosuko yake. Novemba 2023 meli zilianza kushambuliwa katika Bahari ya Shamu, nyingi zikalazimika kuizunguka Afrika yote kwa Rasi ya Tumaini Jema ili kufika Ulaya. Siku zikaongezeka, na parachichi halina subira. Vishindo vya mambo hayo vilifika mpaka kwa mkulima ambaye hajawahi kuiona bahari. Shehena ya kwanza ya maparachichi yasiyogandishwa ya Kenya kwenda China, Agosti 2022, ilileta matumaini, na ni vizuri kuwa na milango zaidi ya mmoja. Ila bado mlango wa kwanza kwa wengi wetu ni dalali mwenye pikapu, anayehesabu tunda kwa tunda, anayechagua makubwa na kuyaacha mengine chini ya mti. Anapokuja kabla ya matunda kukomaa, mkulima mwenye deni la karo humwachia. Ndiyo sababu mara nyingi mwishoni mwa mwaka Kurugenzi ya Mazao ya Bustani husimamisha usafirishaji wa Hass na Fuerte kwa meli, ili machanga yasivunwe yakaharibu jina la nchi.

Tunda changa halilainiki. Hunyauka, likawa kama raba. Nyanya alikuwa na kipimo chake: aliangua mawili, akayaweka juu ya kabati, akangoja. Yakilainika bila kukunjamana, ruhusa ya kupanda mti imetolewa. Yakikunjamana, mti unaachwa. Kipimo hicho ni sahihi, na kuna kingine cha kulipasua moja: kigozi kinachoifunika kokwa kikiwa kimekauka na kugeuka kahawia, tunda limekomaa.

Kuna la kusema pia juu ya yale yanayobaki chini. Nzi wa matunda kutoka Asia alionekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2003, akaenea haraka, na mwaka 2007 Afrika Kusini ikayafungia mlango maparachichi yetu kwa sababu yake. Wakulima wa maembe wa Pwani na Makueni wanamjua vizuri kuliko sisi. Hutaga ndani ya tunda, na tunda lililoanguka likaachwa lioze ndilo chumba chake cha kulelea. Yakusanye, yafunge kwenye mfuko mweusi uuache juani siku kadhaa, kisha uyazike. Afadhali zaidi, yagawe yakiwa bado mtini. Na aliye na mbuzi au sungura asiwakatie majani ya mparachichi: yana sumu iitwayo persini, inayoweza kudhuru moyo na viwele. Hili nalisema kwa sababu nimeona matawi yaliyokatwa yakitupwa zizini kwa nia njema kabisa.

Anayetaka kupanda uani hahitaji mengi. Shimo la futi 2 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza vizuri, mche uliobebeshwa upandwe ili kiungo kibaki juu ya udongo, na mahali pawe pa mteremko au palipoinuka, maji yasituame. Uachie nafasi ya hatua 7 au 8 kutoka mti mwingine. Kisha umwulize jirani amepanda nini. Kama yeye ana Hass, wewe panda Fuerte, au uache ule wa kienyeji usimame, maana Hass ni wa kundi A na Fuerte ni wa kundi B. Katika vipande vyetu vidogo ni wachache wenye nafasi ya kupanda miti yote miwili. Watu wawili wanaosemezana juu ya ua wanayo.

Sisi nyumbani mazungumzo hayo tuliyafanya miaka michache iliyopita, na yalikuwa magumu. Baba mdogo alitaka Hass. Ana watoto shuleni, na hakuna wa kumlaumu. Nyanya alikuwa amezeeka, akikaa mlangoni akiutazama mti. Kwa Ekegusii mama huitwa baba, na mgeni aliyekuwepo siku ile alishangaa kumsikia mwanamume mwenye mvi akimwambia bibi kizee, kwa sauti ya chini, "Baba, mti huu umechoka." Nyanya hakujibu upesi. Alitaka kwanza kujua kama mizizi itang'olewa.

Haikung'olewa. Aliitwa fundi wa kubebesha, kijana wa upande wa Kebirigo, naye akaeleza kwamba mti mkubwa hauhitaji kufa ili uzae Hass. Unakatwa shina kwa urefu wa kiuno, vichipukizi vya Hass vinapachikwa kati ya gome na mti, vinafungwa kwa plastiki, na kisiki kinapakwa chokaa jua lisikiunguze. Lakini, akasema, ni lazima tawi moja la zamani liachwe na majani yake. Hilo litailisha mizizi wakati vichipukizi vinajishika. Bila hilo, mizizi hufa njaa. Baada ya miaka miwili hivi, Hass ikishakuwa na majani ya kutosha, tawi hilo nalo hukatwa. Akauliza tumwachie lipi.

Lililokuwa chini kuliko yote, lililotoka shinani mahali pa kufaa, lilikuwa lile lililovuka ua.

Hass ilishika. Mwaka wa tatu ilitoa matunda machache, madogo, yenye vipele, na baba mdogo aliyahesabu yote. Nyanya hakuyaona, tulimzika mwaka wa pili, hatua chache kutoka hapo. Fundi alirudi na msumeno kama alivyoahidi, kuliondoa tawi la zamani. Mama wa upande wa pili alikuwa akianika mahindi, akainuka, akaja mpaka kwenye ua akasimama pale bila kusema neno. Baba mdogo akamwambia fundi aje anywe chai kwanza. Walikunywa chai, wakazungumza juu ya mvua na bei, na jioni fundi akaondoka na msumeno wake.

Juma lililopita nilikuwa nyumbani. Tawi limeinama kwa uzito. Mtoto wa upande ule, ambaye ni mjukuu wa yule aliyekuwa akituletea mfuko enzi zetu, alikuja mlangoni na maparachichi 9 yenye shingo ndefu, magumu kama mawe. Tulitafuta cha kumrudishia, tukakosa chochote cha maana. Binti yangu akaenda mtini, akanyoosha ngoeko, akaangua Hass 4, akazitia mfukoni.